Mita Tatu za Bi Mize

Kulikuwa na nchi iliyokuwa na bahari, au labda bahari ndiyo iliyokuwa na nchi. Jambo hilo halijaamuliwa mpaka leo, kwa sababu tume iliyoundwa kuliamua bado inakunywa chai. Jina la nchi hiyo halina haja. Wenyewe wanajijua, na majirani zao wanawajua zaidi.

Katika nchi hiyo palikuwa na Idara ya Utabiri wa Bahari, chini ya Wizara ya Bahari na Utulivu. Idara ilikuwa na jengo jeupe lenye madirisha ya kijani, bendera mbili, paka mmoja, meza sita na kompyuta moja. Kompyuta ilikuja kwa meli ndani ya sanduku kubwa kama kabati la harusi, na siku ya kuipokea ngoma zilipigwa mpaka ngozi zikapasuka. Tatizo likazuka palepale: katika jengo la serikali hakuna kinachoruhusiwa kutoa maoni kama hakina cheo. Basi kompyuta ikaajiriwa. Ikapewa cheo cha Afisa Mwandamizi Daraja la Pili, namba ya utumishi, kiti cha kuzunguka ambacho haikukikalia, na likizo ya siku ishirini na nane kila mwaka. Ikiwa likizoni hufunikwa kitambaa cha maua, na bahari nayo hutarajiwa kuwa na staha, isifanye lolote mpaka mwenzake arudi kazini.

Aliyefanya kazi na kompyuta hiyo alikuwa Bi Mize binti Makungu, mpimaji wa maji. Cheo chake kilikuwa chini ya cha mashine kwa daraja tatu, kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kuiwasha, alisimama mlangoni akasema, "Shikamoo, Mwandamizi." Mashine haikuitikia, lakini Bi Mize alikuwa amewafanyia kazi wakubwa wengi wasioitikia, wala hakuona ajabu.

Kazi yake ilikuwa hii. Alfajiri, adhuhuri na alasiri alishuka gatini, palipokuwa na nguzo ya kupimia maji, nguzo nyeupe yenye mistari myeusi na namba nyekundu. Alikuwa akiipiga brashi kila Ijumaa kuondoa chaza na mwani, maana mwani ukiota juu ya namba, tatu huonekana nane. Akisoma, aliandika kwenye daftari, halafu akaipelekea mashine. Mashine ilichukua namba zake, ikachukua na habari za boya lililofungwa mbali baharini, ambalo kazi yake ilikuwa kupanda na kushuka na kueleza limepandishwa kiasi gani. Ikaongeza picha za setilaiti, upepo, mwezi, na mwendo wa mikondo ya maji. Ikapika vyote pamoja, ikasema bahari itakuwaje kesho, keshokutwa na mtondo. Na ikiwa jana ilisema mbili nukta nane, nguzo ikasema mbili nukta tisa, mashine ilijisahihisha hapohapo bila kuona haya. Katika Idara nzima ndiye afisa pekee aliyekuwa na tabia hiyo, na wenzake walikuwa wakimsema kwa sababu hiyo.

*

Sasa Idara ilikuwa na adabu yake, iliyoitwa kuinamisha namba.

Ilianza zama za Mkurugenzi wa kwanza, mtu mwema lakini mfupi, Mungu amrehemu. Siku moja alipelekewa utabiri wa mita mbili. Akaitazama karatasi, akajitazama mwenyewe, akauliza:

"Kwani mimi nina urefu gani?"

"Mita moja nukta sita, Bwana Mkubwa."

"Kwa hiyo haya maji yananipita?"

"Yanakupita kidogo tu, Bwana Mkubwa."

"Yanipite mimi? Ndani ya ofisi yangu? Tena yakiwa yameletwa na mtumishi wangu mwenyewe?"

Tangu siku hiyo ikajulikana kwamba namba haiingii kwa mkubwa ikiwa imesimama wima. Inainama. Kila meza iliipunguza nusu mita kabla ya kuipitisha juu, na meza zilikuwa sita. Ya kwanza aliikalia Bwana Ngwali, mzee mpole mwenye miwani ya kamba. Ya sita aliikalia Mkurugenzi Mkuu wa sasa, Daktari Mwinyikai, ambaye udaktari wake haukuwahi kuulizwa ni wa nini. Namba ikishavuka meza ya sita huwa imeacha mita tatu njiani, na hapo ndipo huvishwa muhuri na kusomwa redioni.

Kwa hiyo redio ya nchi hiyo ilikuwa na bahari tulivu kuliko zote duniani. Maji ya mita tatu na nusu yalitangazwa kuwa nusu mita, yaani ya kunawia miguu. Na siku ambayo mashine ilisema mbili nukta nne, mtangazaji alisoma kwa sauti ya heshima: "Leo bahari itapungukiwa na sifuri kwa mita sifuri nukta sita," na wananchi wakapiga makofi, maana si kila taifa lina bahari inayodaiwa maji.

Watu wote walijua. Wenye vyombo walijua, wauza chapati walijua, hata watoto wa madrasa walijua kwamba redio ikisema, wewe ongeza tatu. Kujua hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa Kuhofia Kabla ya Tangazo, Kifungu cha Tisa, adhabu yake siku tisini za kufagia ufuko, na fagio unakuja na lako.

*

Jumatatu moja, saa mbili asubuhi, mashine ilipomaliza kupika, Bi Mize alisoma kilichotoka, akakisoma tena, akafuta miwani kwa ncha ya kanga, akakisoma mara ya tatu. Alhamisi, saa kumi alasiri, maji yatafika mita nne nukta tisa. Yalikuwa maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu, na juu yake kulikuwa na dhoruba mbali kusini, mahali ambapo hakuna mtu, inayosukuma mawimbi marefu yaje kwa miguu yao mpaka hapa.

Nne nukta tisa. Na Bi Mize alijua kwamba kuanzia nne na nusu mashimo ya makumbi hayana mwenyewe.

Mashimo yenyewe yalikuwa thelathini na moja, ufukoni upande wa matope, moja kwa kila mwanamke wa ushirika, na moja lilikuwa lake. Ndani yake yalizikwa makumbi ya nazi, yakafunikwa matope, juu yake makuti, juu ya makuti mawe mazito yasiinuke. Yanakaa humo miezi tisa, maji ya chumvi yakija na kutoka, mpaka yalainike. Kisha hufukuliwa, huoshwa, hupigwa kwa virungu, na ukapatikana usumba mweupe wa kusokotea kamba. Huo ndio uliokuwa ukiwalisha mwaka mzima. Walikuwa wamefika mwezi wa nane. Wimbi likiyafumua mashimo, makumbi huelea yakaenda zake, na yanayobaki hayafai hata kwa kuni.

Bi Mize akaikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la kanga, akashuka ufukoni. Bi Kazija, mwenyekiti wa ushirika, alikuwa akipanga mawe juu ya shimo lake.

"Shoga, mbona umekuja na uso wa mtu aliyesahau chungu motoni?"

"Alhamisi alasiri. Nne nukta tisa."

"Ya redio au ya kweli?"

"Ya kweli, Kazija."

Bi Kazija akalikalia lile jiwe alilokuwa analipanga. Akayatazama mashimo, moja baada ya jingine, mpaka la mwisho.

"Tukianza kufukua leo tutamaliza?"

"Siku mbili. Tukipata mikono."

"Na kibali?"

Wakaondoka kwenda kwa Shamte.

*

Shamte alikuwa Ofisa wa Ufuko, kijana nadhifu mwenye kibanda cha mabati, meza ya shule na mihuri minne iliyopangwa kwa urefu.

"Shikamoo, mama zangu."

"Marahaba, Shamte. Tunataka kibali cha kufukua."

Akafungua daftari. "Tarehe yenu ni ishirini, mwezi ujao."

"Maji yanakuja Alhamisi."

"Redio imesema?"

"Bado."

"Basi hayajaanza kuja, mama."

"Shamte, mwanangu," Bi Kazija akasema, "wewe redio ukiisikiliza huongezi tatu?"

"Naongeza. Naongeza kama mtu binafsi. Kama Ofisa siongezi."

"Basi tuitie huyo mtu binafsi atupigie muhuri."

"Hana muhuri."

Bi Mize akaiweka karatasi mezani. Shamte akafumba macho haraka kama aliyeonyeshwa utupu. "Mama, iondoe! Haijapita meza! Nikiiona nitahofu, nikihofu nitajikamata mwenyewe, na hapa nilipo ndiyo kwanza nimepanda daraja."

"Sasa tufanyeje?"

"Redio ikitaja zaidi ya mita nne, sheria inaniruhusu kutoa Kibali cha Hofu. Papo hapo, bila kuuliza. Muhuri wake huu hapa." Akauinua ule mrefu kuliko yote. "Tangu utengenezwe haujagusa wino."

Wakatoka. Bi Kazija akanyanyua mikono, akaiacha ianguke. "Zaidi ya nne, redioni! Redio hii ambayo haijawahi kufika mbili! Shoga, twende tukaagane na makumbi yetu."

Lakini Bi Mize alikuwa akihesabu kwa vidole. Alisoma mpaka darasa la saba, na hesabu alikuwa akipata tisini, na zile kumi alizokosa anazikumbuka mpaka leo.

*

Ijulikane kwamba Bi Mize hakuwahi kuandika namba ya uongo maishani mwake. Hata umri wake aliutaja kamili, jambo lililowakera sana wanawake wa rika lake. Alirudi ofisini, akakaa mbele ya fomu, kalamu mkononi, na chai yake ikapoa mpaka ikafanya utando. Meza sita, kila meza nusu, jumla tatu. Akiandika nne nukta tisa, redio itasema moja nukta tisa, na huo ndio utakuwa uongo. Akitaka redio iseme nne nukta tisa, lazima aandike saba nukta tisa. Yaani karatasi iseme uongo ili redio iseme kweli.

"Nisamehe, Mwandamizi," akaiambia mashine. Akaandika: 7.9.

Saba ikatoka imeinama kidogo, akaona labda ni dalili njema.

Bwana Ngwali hakuwepo mezani. Hakuna aliyekuwepo kwenye meza yoyote. Kutoka ukumbini ilisikika sauti ya Waziri mwenyewe, ikifuatwa na makofi. Bi Mize akaitia karatasi kwenye trei ya meza ya kwanza, akageuka aende zake. Mara mlango wa ukumbi ukafunguliwa, wakatoka wote sita, kila mmoja amevaa fulana mpya nyeupe juu ya shati lake, imeandikwa kifuani: UKWELI UNAANZA NA MIMI.

"Bwana Ngwali, kumetokea nini?"

"Wiki ya Ukweli, Bi Mize! Mheshimiwa Waziri karudi jana kutoka mkutano wa ng'ambo. Kasema huko nchi zote zinasema kweli, sisi tu ndio tumechelewa. Tumekula kiapo. Kuanzia saa hii, hakuna kuinamisha namba."

Bi Mize akanyoosha mkono kwenye trei. Bwana Ngwali akaiwahi karatasi.

"Nipe hiyo, nimekosea. Niandike nyingine."

"Karatasi ikishaingia kwenye trei ni mali ya Serikali." Akaisoma. Miwani ikamteremka mpaka ncha ya pua. "Saba nukta tisa!"

"Iinamishe, Bwana Ngwali. Hiyo moja tu. Kwa heshima yangu."

"Siwezi, dada yangu. Nimevaa fulana."

Akakaa, akaitazama namba kwa huzuni, mkono mmoja kifuani juu ya yale maandishi. "Miaka kumi na minane," akasema, "miaka kumi na minane nimekata nusu mita kila siku. Unajua hayo ni maji kiasi gani? Nafsi inanisuta. Ngoja nirudishe angalau ya leo." Akachukua kalamu. Akaongeza nusu.

"Bwana Ngwali!"

"Ni toba, Bi Mize. Usinizuie."

Meza ya pili ikaona Ngwali katubu, ikaona haya kubaki nyuma. Ikaongeza nusu. Ya tatu ikaongeza nusu na kufuta machozi. Bi Mize alitembea sambamba na karatasi yake kutoka meza hadi meza kama mama anayemsindikiza mtoto kwenye sindano, akiomba, akishika kingo za meza. Kila alipofungua kinywa aliambiwa asiuonee haya ukweli. Daktari Mwinyikai, kwa kuwa ndiye mkubwa na lazima toba yake ionekane, aliongeza nusu yake akiwa amesimama.

Saa kumi jioni redio ikapiga wimbo wa taifa mara mbili, jambo lisilo la kawaida. Mtangazaji akakohoa. "Siku ya Alhamisi, bahari itafika mita kumi nukta tisa."

*

Bi Kazija alikuja mbio, kanga moja kichwani, nyingine mkononi.

"Kumi nukta tisa! Shoga, haya si ya Nuhu haya?"

Bi Mize akamvuta pembeni akamnong'oneza. Bi Kazija akasikiliza, akashika kiuno, akacheka mpaka akakaa chini.

"Kwa hiyo ni yaleyale ya asubuhi?"

"Yaleyale. Ila sasa yana mita sita zisizo na baba."

"Hizo tutazitafutia baba baadaye. Twende kwa Shamte!"

Walikuta foleni imezunguka kibanda mara tatu. Muhuri wa Kibali cha Hofu ulikuwa umepata wino kwa mara ya kwanza, na Shamte alikuwa akiupiga kwa mikono miwili, jasho likimtoka. Kila mhofiaji alijaza fomu: unahofia nini, tangu lini, na je, uliwahi kuhofia hapo kabla? Kibali namba moja kilichukuliwa na Mtukufu Mlezi wa Utulivu, Rais wa nchi, kupitia dirisha la gari. Kwenye "unahofia nini" aliandika: "Sihofii. Ninawatangulia wananchi kuwaonyesha njia." Akawaonyesha njia mpaka Mlima Kitulizo, kilomita tisini ndani ya nchi kavu, na Waziri akamfuata, na meza sita zikamfuata Waziri, zikiwa zimebebwa, meza zenyewe na wenyewe.

Wananchi wa kawaida, kwa mazoea, waliongeza tatu. Mita kumi na tatu nukta tisa! Bi Mize na Bi Kazija ikawabidi wapite nyumba hadi nyumba za pwani wakiwaambia watu taratibu: pandisheni magodoro juu ya meza, ondoeni kuku, mashua zivuteni juu, inatosha. Na watu wakawasikiliza, kwa kuwa Bi Mize hakuwa na fulana.

Jumanne asubuhi wanawake thelathini na mmoja walikuwa mashimoni, kibali kimebandikwa kwenye kigingi, majembe yanalia. Mara yakaja malori kumi na moja ya jeshi. Akashuka Kapteni, akasoma amri: mali yote ya Taifa iliyoko ufukoni ipelekwe Mlima Kitulizo. Askari wakapakia benchi la wageni, vibao vya KUOGA MARUFUKU, na pipa la taka. Wakamaliza, malori kumi bado ni matupu, na Kapteni akawa na wasiwasi kwamba Taifa lina mali chache.

Bi Kazija akajifuta matope usoni. "Kapteni, mwanangu, na haya je?"

Kapteni akasogea kwenye shimo, akarudi nyuma hatua nne. Kumbi lililokaa matopeni miezi minane, harufu yake haina mfano; anayeizoea huiita harufu ya chakula, asiyeizoea huita mganga. "Mama, hii ni mali ya Taifa kweli?"

"Kwani ufuko ni wa nani?"

"Wa Taifa."

"Na kilichomo ndani ya ufuko?"

Kapteni akafikiri, akafunga leso puani. "Vijana! Shukeni!"

Askari mia moja wakaingia matopeni. Wanawake wakawaelekeza: usivute kwa nguvu, lishike chini, hivyo, mwanangu, hujambo wewe, mama yako kakulea. Kazi ya siku mbili ikaisha kabla ya adhuhuri ya siku ya pili. Mara moja tu palitokea ubishi, pale askari wawili walipokwenda kuing'oa nguzo ya maji. Bi Mize akaikumbatia.

"Hii haing'oki."

"Ni mali ya Taifa, bibi. Tunaiokoa."

"Mkiiokoa, maji yakija yatajuaje yamefika ngapi?"

Kapteni akaona hoja ina uzito, akaandika kwenye ripoti: nguzo imebaki kwa ajili ya matumizi ya maji.

*

Alhamisi mji ulikuwa umetulia, kuku wako juu ya mapaa. Bi Mize alikuwa ameivika mashine plastiki tabaka tatu na kuipandisha juu ya kabati pamoja na paka. Yeye akakaa ghorofani, dirishani, na darubini ya Idara, nguzo yake mbele.

Maji yakaja. Hayakuja kwa hasira. Yalikuja kama mgeni mnene anayeingia taratibu na kujaza kiti. Yakapanda ngazi za gati. Mawimbi marefu yakafika upande wa matope, yakayafumua yale mashimo thelathini na moja kana kwamba yanakunjua mkeka, yakatoka na matope, makuti na mawe, na yakakuta ndani hamna kitu. Saa kumi kamili maji yalisimama kwenye mstari. Bi Mize akasoma, akafuta darubini, akasoma tena. Nne nukta tisa. Akaandika, na akatabasamu, maana Mwandamizi alikuwa amesema hivyo hivyo tangu Jumatatu.

Simu ikalia kutoka mlimani.

"Bi Mize! Zimefika ngapi?" Alikuwa Daktari Mwinyikai.

"Nne nukta tisa, Bwana Mkubwa."

Kwa nyuma mtu alipiga chafya.

"Na zilizobaki ziko wapi?"

"Hazikuja, Bwana Mkubwa."

"Zitakuja lini?"

"Hazipo."

"Jumamosi uje mlimani na daftari lako. Mtukufu anataka kuziulizia."

Bi Mize akaweka simu chini. Akafua kanga zake mbili, akampa Bi Kazija ufunguo wa nyumba, akamweleza paka anakula nini.

"Utawaambia nini?" Bi Kazija akauliza.

"Nikiulizwa, nitasema."

"Usiulizwe, basi."

*

Baraza lilikaa kwenye mahema, juu ya Mlima Kitulizo, na kila mheshimiwa alikuwa ameshika leso puani. Makumbi yote yalikuwa yamerundikwa nyuma ya hema kuu, chini ya ulinzi, na jua la mlimani lilikuwa limeyaamsha vizuri.

Mtukufu Mlezi wa Utulivu alisimama, akaongea kwa sauti ya puani. "Wananchi. Tuliambiwa mita kumi nukta tisa. Zimekuja nne nukta tisa. Mita sita za maji zimezuiwa. Nauliza: nani kazizuia?"

Halafu Daktari Mwinyikai, ambaye hakuwa mjinga katika mambo ya namna hii, akanyanyua mkono. "Mtukufu, kwa unyenyekevu, nusu mita ni yangu."

Akavishwa nishani papo hapo. Meza ya tano ikaruka: nusu yangu! Ya nne, ya tatu, ya pili. Bwana Ngwali akanyanyuka wa mwisho, fulana yake imeshachafuka, akadai yake kwa sauti ndogo. Zikawa mita tatu, zenye nishani sita.

"Zimebaki tatu," Waziri akasema. "Mtukufu, nadhani ni za yule Afisa Mwandamizi Daraja la Pili, kompyuta. Napendekeza apandishwe cheo na ahamishiwe hapa mlimani, azidi kuzuia maji akiwa mahali pa usalama."

Bi Mize akainuka kabla hajajijua. Mashine mlimani, kilomita tisini kutoka kwenye nguzo! Itapika nini? Nani atawaambia watu wa pwani?

"Mtukufu, mashine haina kosa. Ilisema nne nukta tisa tangu mwanzo. Hizo mita tatu ni zangu. Niliziongeza mimi, kwa mkono wangu, kwa makusudi, hali najua si kweli. Nilikuwa na sababu, lakini sikutafuta ruhusa. Nihukumuni."

Mtukufu akaondoa leso puani, jambo la ushujaa.

"Mita tatu? Peke yako?"

"Peke yangu."

"Wanaume sita, nusu nusu. Na mama huyu mmoja, tatu!"

Makofi yalipigwa mpaka hema likaegemea upande. Alipojaribu kueleza tena, makofi yakaongezeka. Akavishwa nishani kubwa kama kifuniko cha sufuria, na Waziri akatangaza kwamba kwa heshima yake itaundwa Meza ya Saba, na yeye ndiye ataikalia.

"Itakuwa na kazi gani, Mheshimiwa?"

"Kupunguza," Waziri akasema. "Au kuongeza. Inategemea ni wiki gani."

"Basi meza iwekeni," Bi Mize akasema, "mimi na Mwandamizi tuacheni na nguzo yetu."

"Unyenyekevu!" Mtukufu akashangilia. "Sasa omba, mama. Omba chochote."

Bi Mize aliyatazama mahema, akaitazama ile milima ya makumbi iliyokuwa ikitoa mvuke. "Naomba malori kumi. Yarudishe haya chini."

"Haya?" Mtukufu akarudisha leso puani. "Yote?"

"Yote, Mtukufu."

"Leo?"

"Ikiwezekana."

"Kapteni!" Baraza zima liliita kwa pamoja. "Kapteni! Sasa hivi!"

*

Jumapili asubuhi yale makumbi yalikuwa yametandazwa kwenye maji mafupi, yanaoshwa. Ila hakuna aliyecheka bado. Yalifukuliwa mwezi mmoja kabla ya wakati, na kumbi lisiloiva ukilipiga linatoa vumbi, halitoi usumba. Wanawake thelathini wakasimama, virungu mkononi, wakimtazama Bi Kazija aliyechagua kumbi moja la katikati, akaliweka juu ya jiwe bapa, akasema bismillahi, akapiga.

Akapiga tena. Akaligeuza. Akapiga mara ya kumi, ya kumi na tano. Akaliokota, akalipasua kwa vidole gumba.

Nyuzi zikaachana, ndefu, nyeupe, zinang'aa kwa maji. Upande mmoja tu zilikuwa bado zimeshikana kidogo, kama nywele za mtoto aliyekataa kusukwa.

"Gumu," Bi Kazija akasema. "Litataka mikono. Lakini limo, mama zangu! Usumba umo!"

Vigelegele vikapigwa, kisha virungu vikaanza, thelathini na kimoja, kila kimoja na mwendo wake, na mapovu ya kahawia yakaenda na maji. Bi Mize alipiga makumbi yake mpaka adhuhuri ilipokaribia, akanawa mikono, akalichukua daftari lake kwenye mkoba.

"Wapi tena?" Bi Kazija akauliza. "Wakubwa wote wako mlimani, wamekataa kushuka mpaka zile mita sita zijulikane zilipo. Leo ni nani wa kumpelekea namba?"

Hilo Bi Mize hakuwa amelifikiria.

"Mtangazaji wa redio ndiye aliyebaki mjini," akasema. "Nitampelekea yeye."

"Hivyo hivyo? Bila meza?"

"Hakuna meza, Kazija. Zote wamezibeba."

Akajifunga kanga vizuri, akashuka kwenda kuyasoma maji.